Mie ninayekimbia kamera nimepigwa picha za kazi: uzoefu wangu

Kwa miaka mitatu, picha yangu kwenye mtandao ninaofundishia Kiswahili ilikuwa ua la yasmini. Wanafunzi wapya wakiniandikia "Bwana", na mmoja aliwahi kuniuliza kama nauza manukato. Mwaka huu mtandao ukaweka sharti: uso wa mwalimu uonekane, la sivyo jina linashushwa chini kabisa ya orodha. Ikabidi nitafute mpiga picha.

Nianze na bei maana najua ndiyo mnayoitafuta. Shilingi 150,000 kwa saa mbili hapa Mji Mkongwe, picha 10 zilizosafishwa, arubuni nusu. Mpiga picha ni kijana wa bara aliyehamia Unguja, na hufuatana na msaidizi wa kike. Huyo msaidizi ndiye aliyenifanya nichague huduma hii, kwani mtandio ukiteleza sitaki mkono wa mwanamume uje kuuweka sawa. Nimewapa nyota nne, na ya tano nitaieleza ilikokwenda.

Mjue kwanza nimeanzia wapi. Harusini mie ndiye mshika mikoba. Watu wakiitwa kupiga picha, mara nina mtoto wa mtu wa kumbembeleza, mara nina sinia la kurudisha jikoni. Kwenye kitambulisho nimetoka kama mtu aliyegongewa mlango usiku wa manane.

Kwa hivyo nikajiandaa, tena kwa bidii. Wiki nzima nilijifungia chumbani kujifunza kutabasamu mbele ya kioo. Nawaombeni msifanye hivyo. Siku ya tano nilijipiga kwa simu nione nimefika wapi: pua imetuna, mdomo umekwenda upande, na tabasamu lenyewe la mtu anayeumwa jino. Nilikaribia kuiacha ile arubuni ipotee.

Kilichoniokoa ni chai. Kabla ya siku ya kazi, kijana huwa anakaa na mteja kwa chai ya nusu saa, bila malipo, na mie nilidhani ni mapambo ya biashara tu. Nikamwonyesha ile picha ya simu. Akacheka, akaomba radhi, kisha akanieleza. Kioo hukugeuza, kushoto kukawa kulia, na hakuna uso uliolingana pande zote mbili. Sura niliyoizoea kwa miaka 38 siyo waionayo wenzangu, ndiyo maana picha hunishtua. Na simu ukiishika kwa urefu wa mkono, pua iko karibu na lenzi kuliko masikio, lazima ionekane kubwa. Yeye hutumia lenzi ya milimita 85 na husimama mbali. Akarudi nyuma hatua nne, akanipiga moja palepale mkahawani, akaniletea nione. Pua ilikuwa pua yangu. Sikuipenda picha, lakini nilimtambua mtu aliyemo.

Akaniambia pia kutabasamu si lazima. Hapo nikamkumbuka bibi yangu. Ana picha moja ya ujana wake, ameipigia Capital Art Studio, ile aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930. Amesimama, mkono juu ya mgongo wa kiti, hacheki wala hanuni, anakutazama tu mpaka wewe ndiye ukaondosha macho. Nani amesema amekosea kupozi?

Kuhusu nguo nitasema machache. Nilipeleka mitandio mitatu. Ule wa mistari myembamba ulikataliwa mapema, kwani mistari ya namna ile hucheza kwenye picha kama maji. Wa rangi ya manjano iliyokolea ulishinda. Buibui jeusi lilinitia wasiwasi, na kumbe nilikuwa na haki: kamera ikiachiwa ijiamulie, ikiona weusi mwingi hudhani kuna giza, basi huongeza mwanga mpaka uso ukaungua. Muulizeni mpiga picha wenu anafanyaje. Wangu alipima mwanga usoni kwangu, akaweka mwenyewe kwa mkono. Chukueni na leso ya kujipangusia, maana jasho la Unguja halingoji jua.

Tulikutana Kiponda saa 12 na nusu asubuhi. Alichagua saa hiyo kwa sababu ya vichochoro: jua bado halijafika chini, kuta nyeupe zinarudisha mwanga taratibu, hakuna kivuli cheusi chini ya macho kama cha saa sita mchana. Mie niliipenda kwa sababu hakuna watu. Palikuwa na paka wawili na mkate ukipita kwa baiskeli.

Akataka kuanza na mlango wa nakshi. Nikamkatalia. Kila mgeni anapiga hapo, nami si mgeni, tena mlango si wangu. Tukakubaliana barazani, nimekaa, daftari mapajani. Mikono ikapata kazi, na hiyo peke yake iliondoa nusu ya hofu.

Nusu ya pili haikutoka. Dakika ishirini za mwanzo nilikuwa gogo. Alijaribu mbinu zake: fumba macho, nihesabu tatu, fumbua, toa pumzi kwanza, sogeza kidevu mbele kidogo kama kobe. Ya pumzi ilinisaidia. Ya kobe ilinifanya nijisikie kobe.

Kisha akashusha kamera, akaniuliza, "Mwalimu, hii viatu tuvue au tuache?"

Sikujibu. Nilishusha miwani, nikamtazama, nikangoja. Ndivyo nifanyavyo darasani: simkosoi mtu haraka, nampa nafasi ajisikie mwenyewe. Msaidizi akaanza kucheka kwa chini. Kijana akatafakari, akasema, "Hivi... viatu hivi?" Na kumbe kidole chake kilikuwa kimeshabonyeza mara sita.

Hiyo ndiyo picha iliyopo sasa kwenye ukurasa wangu. Sikujua kama nina uso ule. Dada yangu alipoiona alisema, "Hivyo hivyo ndivyo unavyotutazama."

Sasa nyota ya tano. Aliahidi siku tano, zikafika kumi na moja, na hilo ningelimeza. Lakini picha zilipokuja nilikuwa nimetiwa weupe nisioujua, na kidoto changu cha juu ya mdomo kimefutwa. Nilikuwa nimemwandikia mapema kwamba hakuna picha itakayokwenda kwenye ukurasa wake bila ruhusa yangu, na alitimiza. Habari ya rangi ya ngozi haikunijia akilini hata kidogo. Andikeni kabla: ngozi iachwe kama ilivyo, alama zisiguswe. Nilipolalamika alisema wateja wengi hupenda vile, kisha akazirekebisha kwa siku mbili bila kuniongezea hata shilingi. Kidoto kikarudi.

Na viatu, tulivibishania bure. Havikuonekana hata kwenye picha moja.