Pua yangu ilikosea nini?

Sikukusudia kuandika hapa. Lakini kila nikikumbuka yule jamaa alivyotikisa kichwa, damu inanichemka.

Ni majuma machache yaliyopita, jioni ya mvua hapa Glasgow. Kuna duka la pombe karibu na kazini linaloandaa usiku wa kuonja wiski za moshi, zile za kisiwa cha Islay. Nikalipa, tena si kidogo, nikaketi na watu kama kumi hivi. Mwelekezaji alianza na mimi: nilisoma Islay ilivyoandikwa, akanikatiza, "Aila." Sawa, hilo nilistahili. Kisha akatusomea miaka viwanda vya wiski vilipoanzishwa, kama mwalimu wa historia, Ardbeg 1815, Laphroaig 1815, Lagavulin 1816, huku glasi ziko mbele yetu na harufu inapotelea darini.

Akaja na tarakimu za moshi. Ardbeg 55, yaani sehemu za kemikali za moshi kwa kila milioni, sijui nani ngapi, kana kwamba ndizo tunazokunywa. Kipimo hicho ni cha kimea, yaani shayiri iliyochipua ikakaushwa kwa moshi wa mboji, ule udongo mweusi wa kinamasi wanaoukata vipande kama matofali na kuuanika. Ukishakeneka, sehemu kubwa ya moshi huo haifiki kwenye chupa. Aliyewahi kuona chang'aa ikipikwa anajua si kila kilicho chunguni hupita kwenye mrija.

Hayo ningesamehe. Tukafika kwenye Laphroaig, akauliza tunasikia harufu gani. Mmoja akasema mwani. Mwingine lami. Mama mmoja akasema hospitali, akapongezwa. Zamu yangu, nikazamisha pua, na sikufikiri hata kidogo: "Maziwa ya kibuyu."

Nilimaanisha mursik. Nyanya yangu kule Bomet alikuwa akichoma kijiti cha senetwet, anasugua kaa lake ndani ya kibuyu mpaka kinang'aa weusi, ndipo anamimina maziwa. Ukikifungua baada ya siku kadhaa, kabla ya uchachu, ule moshi uliopoa ndio unaokupokea.

Jamaa akatazama karatasi yake. Akaitazama kweli, kwa kidole, mstari kwa mstari! Akatikisa kichwa. "Hapana. Maziwa hayamo." Meza nzima ikacheka.

Yaani wao wanaruhusiwa kunusa bendeji, mimi siruhusiwi kunusa jiko la nyanya? Nikaomba maji, maana matone mawili matatu huifungua harufu, akaniambia kwanza nijifunze kuinywa kavu. Nilimaliza glasi zilizobaki bila kusema neno. Lagavulin ilikuwa nzuri mno, na hilo liliniudhi zaidi, kwa sababu nilitaka kuichukia.

Nyota moja, basi.

Lakini sitaki kudanganya. Nilipotoka nilinunua Laphroaig, dukani mwake humo humo, pumbavu mimi. Nyumbani nikamimina, nikatia matone yangu ya maji bila kuomba ruhusa ya mtu. Sikusikia kibuyu. Iodini tupu, na chumvi kwa mbali. Nikarudia, wapi. Nikaanza kujiuliza kama yule bwana alikuwa na haki, au kama karatasi yake imeniharibia pua. Nikalala nimenuna, glasi nikaiacha mezani bila kuiosha.

Asubuhi nikaichukua niipeleke kwenye sinki. Pombe ilikuwa imekauka chini, imebaki duara ya rangi ya chai. Nikanusa tu kwa mazoea. Kibuyu! Kibuyu kabisa, na kaa la senetwet, na kifuniko chake cha ngozi. Nikachelewa kazini.

Kwa hiyo nyota tano kwa Laphroaig. Duka libaki na moja yake, au nusu, ingawa vitafunio vilikuwa vizuri. Nimejiandikisha tena kwa usiku ujao, na safari hii nitabeba ile glasi chafu mfukoni.