Jina la mazoea au jina la IUPAC?

Kwenye chupa ya maabara, mimi nasimama na jina la kimfumo, yaani lile linalofuata kanuni za IUPAC, shirika la kimataifa la kemia. Chukua "alkoholi ya butili". Fomula C4H10O ina alkoholi 4 za muundo tofauti, na jina hilo pekee halikuambii ni ipi. Butan-1-oli huganda kwenye nyuzi 90 hivi chini ya sifuri. 2-methilipropan-2-oli huganda kwenye nyuzi 25 hivi, kwa hiyo asubuhi ya baridi kule Njombe utaikuta imeshikana chupani kama mafuta ya nazi. Atomu ni zilezile, mpangilio ndio tofauti, na jina la kimfumo linauonyesha: propan ni mnyororo wa kaboni 3, methili imeshika kaboni ya 2, na kundi la OH, ndilo "-oli", liko hapohapo. Mwanafunzi anayelisoma hivyo anauchora muundo bila kukariri.

Jina la mazoea nalo lina nguvu yake: ni fupi, linatamkika. Hakuna mgonjwa atakayeomba asidi 2-asetoksibenzoiki dukani. Ataomba aspirini, na atapewa dawa ileile. IUPAC yenyewe, katika mapendekezo ya 2013, inapendelea jina la mazoea asidi asetiki kuliko asidi ethanoiki tunayoifundisha shuleni.

Ila "spiriti" sikubali kabisa iandikwe peke yake. Yaweza kuwa ethanoli, yaweza kuwa methanoli, na methanoli hupofusha na kuua. Kenya imezika watu waliokunywa pombe iliyotiwa methanoli. Hapo andika jina kamili, kwa herufi kubwa.