A320 na 737 zikipaa: ipi hulinda vizuri masharti ya kimo?

Njia nyingi za kuondokea uwanjani huja na masharti: kituo hiki (alama ya angani kwenye njia) upite ukiwa futi 5,000 au juu zaidi, kile usizidi 6,000. Kompyuta za Airbus A320 na Boeing 737 zote zinayajua. Zinapoachana ni pale mwongoza ndege anapobadilisha mpango katikati ya kupaa.

Kwa macho, A320 inashinda bila ubishi. Ukibonyeza kitufe cha CSTR (masharti), kila kituo chenye sharti huwekewa duara kwenye skrini ya ramani: magenta kama ndege inatabiriwa kulitimiza, kaharabu kama italikosa. Ikilazimika kutulia kwenye sharti, juu ya skrini ya rubani huandikwa ALT CST (kimo cha sharti).

Kasoro yake ni kwamba masharti hulindwa katika modi ya CLB (kupaa kwa mpango wa kompyuta) tu, na CLB haifanyi kazi bila NAV (kufuata njia iliyopangwa). Ukiambiwa ugeukie uelekeo 240 ukavuta kitasa cha HDG (uelekeo), papo hapo CLB inakuwa OP CLB (kupaa bila kujali masharti) na ndege inapanda moja kwa moja hadi kimo kilichowekwa kwenye FCU, paneli ya rubani ya kuchagua kimo na uelekeo. Kama hapo pana 12,000 na sharti lilikuwa 6,000, umelivunja huku kila kitu kikionekana shwari. Kwa hiyo teremsha kimo cha FCU kabla ya kuvuta HDG, na uulize kama sharti bado lipo.

Hapa 737 ni mvumilivu zaidi: VNAV (modi ya kompyuta inayosimamia kimo) huendelea kulinda masharti hata ukiwa HDG SEL (ukifuata uelekeo ulioambiwa). Ila ni bubu kidogo. Utayasoma kwenye ukurasa wa LEGS wa kompyuta kama 5000A (au juu) na 6000B (au chini), na hakuna duara la kukuambia utafika au la. Kitufe cha ALT INTV (cha kuingilia kimo) nacho kinahitaji mkono mtulivu: MCP, paneli ya 737 inayofanana na FCU, ikiwa imewekwa kimo kilicho juu ya sharti, kila mbonyezo hufuta sharti moja linalofuata. Mbonyezo wa pili wa bahati mbaya unaweza kufuta lile ulilolihitaji. LVL CHG, modi nyingine ya kupaa, haijali sharti lolote. Inaitii MCP peke yake.

Masharti ya "au juu zaidi" ndiyo magumu ndege ikiwa nzito. Uwanja wa JKIA, Nairobi, uko futi 5,330 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, injini hupungukiwa nguvu. Ujumbe UNABLE NEXT ALTITUDE ukitokea kwenye 737, punguza mwendo hadi ule wa pembe kali ya kupaa, na kama ulichagua kiwango cha nguvu cha CLB-2, kinachokata takriban asilimia 20 ya nguvu ya kupaa, rudisha nguvu kamili. Kwenye A320, punguza mwendo kuelekea duara la kijani lililo kwenye kipimo cha mwendo. Fanya mapema, maili mbili kabla ya kituo umeshachelewa.

Ndege nyepesi ina tatizo la kinyume. Futi 1,000 za mwisho kabla ya kutulia, usizidi futi 1,500 kwa dakika, la sivyo TCAS, mfumo wa kuzuia ndege kugongana, inaweza kukupigia kelele kwa sababu ya ndege iliyo juu yako.

Kwa njia zenye kugeuzwageuzwa sana na rada, tunaipa alama zaidi 737. Kwa QNH (shinikizo la hewa linalowekwa kwenye kipima kimo) iliyokosewa, zote mbili ni vipofu: hektopaskali 10 ni karibu futi 300, na skrini itaonyesha sharti limetimizwa.