Magari ya Kichina: Tathmini ya Gari, ya Dhamana na ya Anayeitoa

Mnunuzi anayesimama mbele ya gari jipya la chapa za Kichina kama BYD, MG, Chery au GWM (Great Wall) siku hizi hana tena sababu kubwa ya kuuliza maswali ya zamani, yaani kama mlango utafunga sawasawa au kama rangi itababuka kabla mwaka haujaisha. Maswali hayo yamejibiwa, na kwa sehemu kubwa yamejibiwa vizuri. Linalostahili kuulizwa sasa linahusu miaka inayofuata baada ya kukabidhiwa ufunguo: ni nani atakayekuwapo kulihudumia gari hilo, kwa masharti gani, na kwa muda gani. Tathmini hii inayapima kwa vigezo hivyo magari ya Kichina yanayouzwa nje ya China, na nitasema mapema kwamba alama ninayoyapa magari yenyewe ni ya juu kuliko ile ninayozipa kampuni nyingi zinazoyauza.

Ili kuona umbali uliotembewa, inafaa kukumbuka yalikoanzia. Mwaka 2005 chama cha wenye magari cha Ujerumani, ADAC, kililigongesha gari la Kichina la Landwind kwa mwendo wa kilomita 64 kwa saa, na picha za kibanda cha dereva kilivyokunjamana zikasambaa Ulaya nzima. Miaka miwili baadaye Brilliance BS6, gari jingine la Kichina lililotangazwa kuwa la kifahari, liliambulia nyota moja ya usalama kati ya tano. Huko Australia pikapu za Great Wall zilizofika mwaka 2009 zilipata nyota mbili katika majaribio ya ANCAP, shirika la huko linalopima usalama wa magari, na mwaka 2012 zikafuatia habari mbaya zaidi: magari ya Great Wall na Chery yapatayo 23,000 yaliitwa yarudi kwa sababu gasketi za injini na za mfumo wa moshi zilikuwa na asbesto, madini yaliyopigwa marufuku nchini humo. Mnunuzi aliyezikimbia chapa hizo wakati ule hakuwa na chuki wala ushabiki. Alikuwa amesoma matokeo.

Matokeo hayohayo ndiyo yaliyobadilika. Mwaka 2022 magari ya umeme ya BYD Atto 3 na MG4 yalipata nyota tano za Euro NCAP, mpimaji wa usalama wa magari wa Ulaya, pamoja na magari ya NIO na ya GWM, na pikapu mpya ya GWM ilikuwa imekwisha kupata nyota tano za ANCAP mwaka mmoja kabla, katika nchi ileile ambako pikapu iliyoitangulia ilipata mbili. Hata hivyo nyota ni za gari moja lililopimwa, hazirithiwi na chapa nzima. Jina la MG lililobeba nyota tano kwenye MG4 ndilo lililobeba sifuri kwenye MG5 ya petroli ilipopimwa na ANCAP mwaka 2023. Kwa hiyo muuzaji anayesema kwamba kampuni yake ni ya nyota tano anastahili kuulizwa ni gari lipi, toleo la mwaka gani, na lililopimwa kwa soko lipi.

Ndani ya gari, jambo la kwanza linalomvutia mtu ni wingi wa vitu anavyopewa bila kuongezewa bei. Viti vinavyojirekebisha kwa umeme, kamera za pande zote, paa la kioo na skrini kubwa, mambo ambayo watengenezaji wa Ulaya wamezoea kuyauza kimoja kimoja, hapa huwamo tangu toleo la chini au la kati. Atto 3 ina skrini inayozunguka, ikisimama au kulala upendavyo, na katika mifuko ya milango kuna nyuzi tatu zinazotoa sauti ukizipiga kama gitaa. Sijui ni nani aliyeziomba, lakini watoto huzipenda. MG4 ina utulivu zaidi wa sura, na kwa uendeshaji naiona kuwa bora, kwa kuwa inasukumwa na magurudumu ya nyuma na betri yake nyembamba imeushusha uzito chini. Usukani wake unakupa habari za barabara, jambo ambalo Atto 3, iliyolainishwa kwa ajili ya starehe, hailifanyi sana.

Kinachokera ni programu. Karibu kila gari la Kichina la kizazi hiki limesongwa na tahadhari za sauti: ukizidisha mwendo kidogo linalia, ukitazama pembeni linalia, ukikaribia mstari wa barabara usukani unavutwa kabla hujakosea lolote. Sehemu ya lawama ni ya sheria za Ulaya, ambazo tangu Julai 2024 zinalazimisha mifumo kadhaa ya aina hiyo iwemo katika kila gari jipya. Lakini watengenezaji wa Ulaya, wa Japani na wa Korea wanazitii sheria hizohizo kwa upole zaidi, na tofauti hiyo inatokana na muda wa kuyajaribu magari katika barabara halisi za nchi yanakokwenda. Kiyoyozi kinachorekebishwa kwa kupekua kurasa za skrini ni kosa jingine, na hilo halina sheria ya kulisingizia. Jambo la kutia moyo ni kwamba kampuni hizi husahihisha haraka, na programu mpya hutumwa hewani bila gari kupelekwa karakana. Jambo la kutia shaka ni kwamba mnunuzi wa kwanza ndiye anayegeuzwa kuwa mjaribu.

Kwa upande wa betri sina shaka kubwa. BYD ilianza mwaka 1995 mjini Shenzhen ikiwa kampuni ya betri, ikaingia katika magari mwaka 2003, na betri yake iitwayo Blade, iliyotolewa mwaka 2020, ni ya madini ya chuma na fosfati, bila nikeli wala kobalti. Betri ya namna hii hubeba umeme mchache kidogo kwa kila kilo, lakini huvumilia kujazwa na kutumiwa mara nyingi zaidi, na ikiharibika si nyepesi kushika moto kama zile za nikeli. Mtu anayekusudia kukaa na gari miaka kumi anapaswa kuipa sifa hiyo uzito kuliko sekunde za kuondoka kwa kasi ambazo matangazo huzipigia ngoma.

Tufike sasa kwenye dhamana, ambayo ndiyo silaha kuu ya chapa hizi katika kutafuta imani. Si mbinu mpya. Hyundai iliposhuka hadhi Marekani, ilitangaza mwishoni mwa miaka ya 1990 dhamana ya miaka 10 au maili 100,000 kwa injini na mfumo wa gia, na wanunuzi waliokuwa wakiicheka wakarudi kuangalia. Wachina wameichukua mbinu hiyo na kuivuta mbele zaidi. MG inatoa miaka 7 Uingereza, na mwaka 2024 ilitangaza miaka 10 au kilomita 250,000 nchini Australia. Chery nchini Afrika Kusini inaidhamini injini kwa miaka 10 au kilomita milioni moja. Ukisikia milioni moja unaona kama umenunua gari la kumrithisha mjukuu.

Lakini dhamana ni mkataba, na mkataba husomwa hadi mwisho. Hiyo ya kilomita milioni moja ni ya injini, na ni ya mmiliki wa kwanza tu. Siku utakapoliuza gari, thamani ya dhamana hiyo kwa mnunuzi wa pili imeondoka. Nyingi kati ya dhamana hizi ndefu hutaka gari lihudumiwe kwa ratiba, mara nyingine katika karakana za kampuni yenyewe, na kuchelewa huduma moja kunaweza kuwa sababu ya dai kukataliwa. Betri kwa kawaida hudhaminiwa miaka 8 au kilomita 160,000 kwa sharti kwamba ibaki na angalau asilimia 70 ya uwezo wake. Maana yake ni kwamba ikishuka hadi asilimia 72 katika mwaka wa saba, huna la kuidai kampuni. Skrini, mishono ya viti, vifaa vya kusimamisha gari na betri ndogo ya volti 12 mara nyingi huwa na muda wao mfupi ulioandikwa mahali pengine katika kitabu hichohicho. Ningependa kila duka la magari liiweke karatasi hiyo mezani kabla ya kalamu, nami nampa alama nzuri muuzaji yeyote anayefanya hivyo bila kuombwa.

Kipimo halisi cha dhamana huonekana gari linapoharibika hadharani. Mwaka 2024 nchini Malaysia ekseli ya nyuma ya Chery Omoda 5 moja ilikatika, na picha zake zikaenea. Kampuni ilitafuta chanzo, ikasema ni kasoro ya uchomeleaji katika kundi fulani la magari, na ikayaita yapatayo 600 yakaguliwe na kubadilishwa sehemu hiyo. Tukio lenyewe linatisha, kwa sababu ekseli si kitu cha kukatika; lakini mwitikio ulikuwa wa haraka na wa wazi, na ukiulinganisha na jinsi masuala ya ubora yalivyokuwa yakishughulikiwa miaka ya nyuma, utaona kampuni iliyojifunza kwamba ukimya hugharimu zaidi.

Pale ambapo chapa hizi bado zinajiharibia zenyewe ni katika bei. Vita vya bei vilivyoanza ndani ya China vimesafirishwa pamoja na magari. Nchini Thailand, mwaka 2024, bei za BYD zilishushwa kwa kiwango kilichowafanya watu waliokuwa wamenunua muda mfupi uliopita walalamike, hadi mamlaka ya kulinda walaji ikaingilia na kuchunguza. Punguzo linamfurahisha anayenunua leo, ila linaichukua fedha kutoka mfukoni mwa aliyenunua jana, kwa kuwa bei ya gari lililotumika hufuata bei ya jipya. Toyota haikujenga jina kwa kutoharibika peke yake; ilijenga kwa mmiliki kujua takriban atapata kiasi gani akiliuza baada ya miaka mitano. Hesabu hiyo bado haiwezekani kwa gari la Kichina la umeme, na mtu anayekopa ili anunue anapaswa kuliona jambo hilo kuwa sehemu ya bei.

Zaidi ya hapo kuna suala la uhai wa kampuni. China ina watengenezaji wengi kuliko soko lake linavyoweza kuwalisha, na baadhi yao wamekwisha kuanguka wakiwa na wateja barabarani. WM Motor iliomba kupangiwa upya madeni mahakamani mwaka 2023. Hozon, mtengenezaji wa Neta, aliyekuwa amejitangaza sana Kusini-Mashariki mwa Asia, aliingia katika taratibu za kufilisika mwaka 2025, huku wauzaji wake nchini Thailand wakilalamika kwamba hawajalipwa. Gari la kawaida likifiwa na kampuni linaweza kuishi kwa vipuri vya kuchonga na fundi hodari. Gari ambalo ramani, kufuli na taarifa za betri vinategemea seva za kampuni linapofiwa, hasara ni ya namna nyingine, na miaka minane ya dhamana iliyotolewa na kampuni isiyokuwapo hailipi hata taa moja ya nyuma.

Ushuru nao una sehemu yake, ingawa ni siasa zaidi kuliko ubora. Umoja wa Ulaya uliongeza mwaka 2024 asilimia 17 kwa magari ya umeme ya BYD na asilimia 35.3 kwa ya SAIC, mmiliki wa MG, juu ya asilimia 10 ya kawaida, na Marekani imefunga mlango kwa asilimia 100. Matokeo yake kwa mnunuzi ni kwamba kampuni zinajenga viwanda nje: BYD ilifungua cha Rayong, Thailand, mwaka 2024, na imekichukua kilichokuwa cha Ford huko Camaçari, Brazil, na Chery ipo Barcelona katika kiwanda kilichoachwa na Nissan. Kiwanda kilicho karibu ni habari njema kwa vipuri. Hata hivyo kule Camaçari wakaguzi wa kazi wa Brazil waliwakuta, Desemba 2024, wafanyakazi 163 wa ujenzi walioajiriwa na mkandarasi katika hali waliyoifananisha na utumwa, na anayetaka kuaminiwa ugenini hawezi kumwachia mkandarasi jambo kama hilo.

Kwa wanaotaka hukumu ya chapa kwa chapa, yangu ni hii. MG4 ndilo gari ninalolipendekeza kwa urahisi zaidi, kwa sababu ya uendeshaji na kwa sababu MG imekuwa Uingereza na Australia muda wa kutosha hata karakana zisizo zake zinayajua magari yake. BYD ndiyo ninayoiamini kwa betri, ila ningenunua baada ya bei kutulia, na nisingekopa kwa muda mrefu kuliko ninavyokusudia kukaa nalo. Pikapu za GWM zimestahili sifa zilizopata, hasa kwa anayezitumia kwa kazi. Chery inatoa vitu vingi kwa bei ndogo kuliko wote, na uzoefu wake wa kuuza nje ni mrefu, lakini mifumo yake ya kumsaidia dereva inahitaji kutulizwa. Lijaribu gari barabarani kwa muda wa kutosha kabla ya kukubali. Magari ya chapa changa za umeme ningeyaendesha kwa kukodi tu, nikiiachia kampuni ya kukodisha hatari ya thamani, mpaka ziwe na ghala la vipuri katika nchi ninayonunulia na karakana inayoweza kuifungua betri bila kusubiri fundi atumwe kutoka China.