Taima ya mezani kwa mazoezi ya GRE: naipa nyota nne

Nimekaa na hii taima kama miezi miwili sasa, ni zile za kawaida za mezani zinazohesabu kurudi nyuma, ina sumaku mgongoni na kamguu ka kukunja, namba zake kubwa unaziona hata ukiwa umeinamia karatasi, betri mbili ndogo kama za rimoti basi. Niliinunua kwa kazi moja tu, kujibana muda kwenye mazoezi ya GRE, ule mtihani wa kuombea masomo ya uzamili, kwaiyo naiongelea kwa kazi hiyo.

Kwa wasiojua, tangu Septemba 2023 GRE ilifupishwa, pepa zima ni saa 1 na dakika 58. Lugha sehemu ya kwanza maswali 12 kwa dakika 18, ya pili maswali 15 kwa dakika 23. Hesabu maswali 12 kwa dakika 21 halafu 15 kwa 26, na insha moja ya nusu saa. Ukipiga mahesabu ni kama dakika moja na nusu kwa kila swali la lugha na dakika moja na robo tatu hivi kwa la hesabu, ukisoma hivi unaona muda upo wa kutosha, subiri ukae kwenye kiti.

Shida yangu mi ilikua kung'ang'ania. Swali likinigomea siliachii, naona nikiliacha nimeshindwa, nakuja kushtuka dakika nne zimekwenda na mbele kuna maswali matatu mepesi kabisa sijayagusa. Ndo nikaanza kujibana, lugha naset dakika 15 badala ya 18, hesabu 18 badala ya 21.

Na hapa ndo taima hii imenifurahisha kuliko zote: ikifika sifuri inalia lakini haisimami, inaanza kuhesabu kwenda juu. Yani namaliza maswali yangu yote bila kukatizwa halafu naangalia nimepitiliza kiasi gani. Siku ya kwanza ya hesabu ilisoma dakika 6 na sekunde 40 juu ya zile 18, nikaandika pembeni ya daftari, kesho yake 5 na kitu, nikawa naona kabisa inavyoshuka. Taima inayolia na kuzima haikuonyeshi hicho kitu.

Kujibana kumenilazimisha kutafuta njia fupi. Chukua swali kama hili, mashine moja inamaliza kazi kwa masaa 6, nyingine kwa masaa 4, zikifanya pamoja zitachukua muda gani? Zamani naandika sehemu, natafuta mlinganyo, nafuta, narudia. Sasa najiuliza tu ndani ya masaa 12 mashine ya kwanza itamaliza kazi ngapi, 2, ya pili 3, jumla 5, basi 12 gawanya kwa 5 ni masaa 2 na dakika 24, nusu dakika nimemaliza. Hakuna aliyenifundisha hiyo, nimeipata kwa sababu namba zilikua zinashuka mbele ya macho yangu na njia ndefu ilikua haiingii.

Kingine ni kuachia. GRE haikati maksi ukikosa, na ndani ya sehemu moja unaruhusiwa kuweka alama kwenye swali ukarudi baadae kabla sehemu haijafungwa, kwaiyo likinigomea nabahatisha jibu moja, naweka alama, nasonga. Kichwani nilikua najua tangu zamani ila mkono ulikua haukubali, wiki mbili za dakika 15 ndo zimeuzoesha.

Ila jamani msianze na kujibana. Mi nilianza mapema mno, wiki ya kwanza nikapata 5 kati ya 12 na nikakata tamaa kabisa, kumbe nilikua nakimbiza vitu ambavyo hata bila saa nilikua navikosa. Nikaiweka taima kando, nikafanya wiki nzima bila muda mpaka nikawa napata 10 au 11, ndo nikairudisha. Na wiki mbili za mwisho nikarudi kwenye dakika za kweli, nikafanya yale majaribio mawili ya bure ya POWERPREP Online kutoka ETS, wenye GRE yao wenyewe, yana saa yake kwenye skrini, na kusema kweli zile dakika 18 nilizisikia pana, nilimaliza nikabaki na muda wa kurudia maswali mawili niliyoyawekea alama. Nilikaa nimeshika penseli naangalia skrini, siamini.

Kabla ya hapo nilikua natumia simu, sishauri. Unaishika kuangalia muda, ujumbe umeingia, unasoma huo mmoja tu, zoezi limekufa.

Kasoro zake sasa. Mlio ni mkali na hauna pa kupunguzia, kuna swichi ya kuuzima unabaki na kataa kekundu ila kako ukingo wa juu, mchana hukaoni. Halafu kitufe cha dakika kinaruka, unataka 15 unajikuta 17, na hakirudi nyuma, inabidi ubonyeze mpaka 99 ndo uanze upya au ufute yote. Asubuhi umeshajipanga, umevuta pumzi, unaanza kupigana na kitufe. Nyota moja nimeikata hapo.