Bima ya NHIF ya mwanachuo (50,400 kwa mwaka), maoni yangu kama mzazi

Wazazi wenzangu, kila msimu wa kujiunga vyuo naona tunaulizana ada, hosteli na bumu (hela ya mkopo wa chuo ya kujikimu) litatoka lini, bima ya afya inakuja mwisho kabisa kama ikikumbukwa. Mimi nina binti mwaka wa tatu na kijana kaanza juzi tu, wote nimewalipia ile bima ya wanafunzi ya NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya wa hapa Tanzania, ya shilingi 50,400 kwa mwaka. Naipa nyota nne kati ya tano.

Bei kwanza. Hiyo ni 4,200 kwa mwezi, na kwa hela hiyo mtoto anaonana na daktari, anapimwa, anapewa dawa, analazwa na hata upasuaji anafanyiwa. Binti yangu tumbo lilimshika usiku yuko hosteli, wenzake wakamkimbiza hospitali, kucheki ni kidole tumbo, akafanyiwa oparesheni akalazwa akatoka, na sisi tuko huku Tabora wala hakuna aliyepiga simu kusema tumeni hela kwanza ndo aingizwe theatre. Mzazi aliyewahi kupokea simu ya hivyo saa nane usiku anajua hiyo 50,400 ni nini.

Sasa nyie watumishi, hasa walimu wenzangu, hapa naomba msome vizuri. Sisi tunakatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri anaweka 3 nyingine, kadi inabeba mchangiaji, mwenza na wategemezi wanne, kwa hiyo mtu anasema mwanangu bima anayo tayari, nilipe tena ya nini? Kweli anayo, ila ukomo wake ni miaka 21. Watoto wetu wengi wanaingia chuo na miaka 19 au 20, maana yake hiyo 21 inamkuta mwaka wa pili au wa tatu, katikati ya semesta, yuko mbali, na yeye mwenyewe hajui kama kadi imekata mpaka afike dirishani. Kama umri bado, atumie kadi yako, apeleke kopi chuoni ili wasimdai ile nyingine. Ila mwaka wa masomo ambao atatimiza 21 mlipie ya mwanafunzi tangu mwanzo wa mwaka, usingoje siku ya kuzaliwa ipite, kwa sababu uandikishaji wake unapitia chuoni na wao wanafanya kwa msimu, ukipitwa ndo umepitwa. Na usiseme atalipa kwenye bumu jamani, lile la kula na kulala lenyewe halimfikishi mwisho wa mwezi.

Nyota niliyoinyima ni kwa sababu ya huko huko kupitia chuoni. Anaposoma kijana wangu tulilipa mapema kabisa kwa kontrol namba, risiti ninayo, lakini majina yakakaa ofisini wiki kadhaa hayajatumwa, mtoto kaugua malaria katoa keshi mfukoni wakati bima kalipiwa, ukiuliza jibu ni mfumo, mfumo. Iliniuma sana. Kwa hiyo msiridhike na risiti, mwambieni mtoto aende zahanati ya chuo akiwa mzima aulize kama jina lake linasoma, kama halisomi arudi ofisini siku hiyo hiyo na asiondoke bila jibu.

Halafu ajue hospitali gani za karibu na chuo zinapokea. Mnakumbuka tarehe 1 Machi 2024 baadhi ya hospitali kubwa za binafsi zilisitisha kuwahudumia wenye NHIF kwa ule mvutano wa kitita kipya (orodha mpya ya huduma na bei ambazo NHIF inawalipa hospitali), mambo ya hivyo yakitokea mtoto mgeni wa mji anazunguka na homa yake hajui aende wapi. Ajue mbili angalau, moja iwe ya serikali. Na hospitali za rufaa kama sio dharura anaanzia chini anaandikiwa rufaa, asiende moja kwa moja akarudishwa.



Kinachoniumiza kichwa mimi sasa hivi ni akimaliza. Kadi ya mwanafunzi inaisha, kwenye kadi yangu hawezi kurudi maana 21 keshapita, na ajira yenyewe mnajua inavyosubiriwa, hapo katikati kijana anakaa nyumbani hana chochote. Binti yangu anamaliza mwaka huu, mwenye mtoto aliyemaliza karibuni na akamkatia bima nyingine aseme ni ipi, alilipa bei gani na hospitali wanaikubali au wanazungusha.