Jiko la nje lenye stoo, futi 12 kwa 20: linafaa kwa nini, na mafundi hukosea wapi

Kuanzia Mufindi na Njombe, Makete hadi Rungwe, familia nyingi zinazojenga nyumba ya tofali kijijini hujenga na jiko la nje la vyumba viwili chini ya paa moja. Jiko huwa futi 12 kwa 12, stoo futi 12 kwa 8. Ramani inafanana kiasi kwamba jengo hili linaweza kupimwa kama bidhaa nyingine yoyote inayolipiwa. Maoni yetu: ukubwa unatosha, pesa haipotei, ila likijengwa kwa mazoea, mahindi yatabunguliwa humo kuliko yalivyobunguliwa kwenye dari la bibi.

Sababu ni moshi. Kwenye jiko la zamani mahindi yalipangwa juu ya mianzi, mafiga yakiwa chini yake. Joto liliyakausha, moshi ukawasumbua fukusi. Mapafu ya mama na ya mtoto aliyembeba mgongoni ndiyo yaliyolipa gharama. Jiko jipya lina dohani, moshi unatoka nje, na ni haki utoke. Lakini ukiutoa moshi umetoa na kinga ya mahindi, na kinga nyingine lazima iwekwe mahali pake. Hapo ndipo stoo inapostahili pesa yake. Anayejenga jiko lisilo na moshi bila stoo nzuri amefanya nusu ya kazi.

Tuanze na jiko. Futi 12 kwa 12 zinaruhusu jiko banifu, yaani la kubana kuni, la matundu mawili ukutani, meza ya kazi upande wa pili, na nafasi ya kama mita 1.2 katikati, ili wawili wapishane na sufuria ya moto bila kuunguzana. Nafasi hiyo usiikate kwa kuongeza kabati. Siku ya msiba au kipaimara ndiyo inayobeba sufuria kubwa na watu wa kumenya viazi. Meza iwe na kimo cha sm 85 hadi 90. Chini ya hapo mgongo unauma kwa kuinama, juu ya hapo mtu anakanda unga mabega yakiwa yamepanda.

Bomba la moshi liwe la inchi 4 hadi 6, na lipande angalau sm 60 juu ya kofia ya paa. Likiishia chini ya kofia, upepo unaurudisha moshi ndani na watu wanalilaumu jiko banifu bure. Lipitishwe katikati ya kenchi mbili, zile fremu za mbao zinazobeba paa, karibu nusu mita kutoka kwenye mbao yoyote, kwa sababu bati la bomba hupata joto la kuchoma papi ya paini, yaani mbao inayopigiliwa bati. Masizi yatolewe kila mwezi. Moshi ukianza kurudi kwenye mdomo wa jiko, mara nyingi ni masizi, wala si ufa.

Sasa ukuta wa kati. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, na linaanza kwa kutaka kuokoa tofali mia moja hivi. Fundi anaujenga ukuta unaotenganisha jiko na stoo hadi kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, halafu anauacha. Kati ya lenta na bati panabaki pembetatu wazi. Maharage yanachemka saa tatu, mvuke unapanda, unapita kwenye ile pembetatu na kuingia stoo. Mwezi wa Juni na Julai bati la Mafinga au Makete usiku huwa baridi sana, kwa hiyo mvuke unagandia chini ya bati na kugeuka matone. Asubuhi matone yanaanguka kwenye magunia ya juu. Mwenye nyumba anadhani paa linavuja, anaita fundi wa kuziba misumari, anaziba, na ukungu unarudi. Dalili ya kutofautisha ni rahisi: gunia likilowa wakati wa kiangazi, huo ni mvuke wa jiko. Ukuta wa kati upande hadi ukutane na bati na uzibwe kwa udongo au saruji. Mlango wa stoo ufungukie nje, barazani, usifungukie jikoni.

Stoo yenyewe inahitaji matundu ya hewa mawili, moja chini na moja juu upande wa pili, yote yawe na wavu wa tundu lisilozidi milimita 6. Panya mdogo hupita kwenye tundu kubwa kuliko hilo. Wavu wa kuku hauzuii panya. Sehemu ya chini ya mlango ipigwe bati kimo cha sm 30, na upenyo kati ya mlango na sakafu usitoshe kupitisha kidole.

Sakafu usiifanyie ubahili. Mawe yashindiliwe, itandikwe nailoni nzito, kisha zege la sm 7 au 8 kwa uwiano wa saruji 1, mchanga 2, kokoto 4. Kwa stoo ya ukubwa huu ni mifuko 4 hadi 5 ya saruji ya kilo 50. Nailoni ikirukwa, unyevu wa ardhi unapanda taratibu, na magunia ya chini yanaoza wakati ya juu yako salama. Hata na nailoni, magunia hayalali sakafuni: yanakaa juu ya chaga zilizonyanyuka sm 15 au zaidi, na yanakaa mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita na tochi akikagua.

Je, futi 8 zinatosha? Piga hesabu. Familia ya watu sita hadi wanane ikiweka gunia moja la kilo 100 kwa kila mtu kwa mwaka, ni magunia sita hadi manane. Manane yakipangwa manne manne kwenda juu yanachukua chaga ya mita 1.2 kwa 1.2 hivi. Panabaki nafasi ya maharage, mpunga wa Kyela au Mbarali, mafuta, chumvi na mapipa. Stoo kubwa zaidi ya hapo ni ya mfanyabiashara, na watu huishia kuijaza baiskeli na mifuko ya mbolea. Mbolea na dawa za shamba zisiingie humu kabisa.

Kwa kuwa moshi haupo, tunapendekeza mifuko isiyopitisha hewa, kama PICS, ambayo ina mifuko miwili ya nailoni ndani ya salfeti. Inafanya kazi kwa sababu wadudu wanaimaliza hewa iliyofungiwa humo, wanaacha kula, wanakufa. Haihitaji dawa. Mahindi yawe yamepukuchuliwa na kupepetwa, kwani kipande cha gunzi kinatoboa nailoni. Jaza ukiacha sm 30 hivi juu, kamua hewa, sokota mdomo, kunja, funga kwa kamba. Mfuko wa pili vivyo hivyo, kisha salfeti. Kabla ya msimu mpya jaza mfuko upepo na usikilize kama unavuja.

Mifuko hii hulaumiwa bila kosa katika mambo mawili. La kwanza ni kuifungua kila wiki. Ukifungua, hewa inaingia na wadudu waliobaki wanaanza upya. Fungua gunia moja tu, lihamishie kwenye pipa la plastiki lenye mfuniko, mle kutoka humo. Pipa la lita 200 linabeba kama kilo 140, na panya halitoboi kirahisi.

La pili ni kufunga mahindi mabichi. Mahindi yawe na unyevu wa asilimia 13 au 13.5. Asiye na kipimo atumie chumvi: ikaange ikauke, weka vijiko viwili au vitatu kwenye chupa kavu yenye mahindi kiasi cha theluthi, tikisa dakika tatu, acha itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi yamezidi asilimia 15. Isipoganda bado usifunge. Anika siku nyingine ya jua kali juu ya turubai, maana kipimo hiki hakioni tofauti kati ya 13 na 15. Upande wa Rungwe, ambako Tukuyu hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, kukausha ndiyo kazi ngumu kuliko kujenga stoo. Mahindi mabichi yaliyofungiwa huota ukungu, na ukungu unaweza kuleta sumukuvu, ambayo kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu Dodoma na Manyara.

Viazi mviringo havikai na mahindi. Vinapumua na kutoa unyevu. Vya kula viwe gizani, kwenye kreti zinazopitisha hewa, kwa kuwa mwanga huvigeuza kijani na kuviletea sumu. Vya mbegu ni kinyume chake: vipangwe tabaka moja au mawili kwenye kichanja barazani, penye mwanga usio wa jua la moja kwa moja, ili viote machipukizi mafupi magumu.

Kuni nazo zisiegemezwe kwenye ukuta wa stoo. Dumuzi, mdudu mwingine anayebungua mahindi, huishi hata ndani ya mbao kavu, na lundo la kuni linaweza kumhifadhi kati ya msimu mmoja na mwingine. Mwenye gesi aweke mtungi upande wa jiko, karibu na tundu la hewa lililo chini kwenye ukuta wa jiko, kwa kuwa gesi ikivuja hutuama sakafuni.

Kwa vifaa, tofali la kuchoma lenye uso wa sm 23 kwa 8 linahitaji kama tofali 43 kwa mita moja ya mraba. Jengo zima lenye ukuta wa mita 2.4, pamoja na pembetatu za paa na za kuvunjika, ni karibu tofali 2,600 bila msingi. Paa la migongo miwili lenye baraza la sm 60 linataka bati 18 hadi 20 za futi 10. Bei za bati na saruji hupanda na kushuka, ndiyo maana tumeandika idadi tu.

Pesa ikitosha chumba kimoja, jenga stoo kwanza, na uache meno ya tofali upande wa jiko ili ukuta ujao uungane vizuri. Kwa msimu huo pikeni kwenye jiko la zamani, ila mahindi yashushwe kutoka darini siku stoo itakapokauka.